Katiba Hailiwi Siku Moja



Tukisikia neno dikteta, wengi wetu tunaona picha ya mwanajeshi kwenye redio na vifaru barabarani. Kenya tuliionja hiyo Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa angani waliteka kituo cha redio Nairobi, wakatangaza serikali imepinduliwa. Kufikia jioni mambo yalikuwa yamewaharibikia. Lakini wiki chache kabla ya hapo, mwezi wa Juni, kuna jambo lingine lilifanyika na wengi wetu hatulizungumzi. Wabunge waliopigiwa kura na watu, wamevaa suti zao, walikaa Bungeni wakaingiza kwenye katiba kifungu cha 2A: Kenya ni nchi ya chama kimoja, KANU. Basi. Mapinduzi ya bunduki yalidumu saa chache. Haya ya karatasi yalidumu miaka tisa, hadi Desemba 1991.

Nataka tuongee hili polepole, manake 2027 inakuja na kelele zimeanza. Kijana akiuliza kama nchi inaelekea kubaya, anaambiwa, "Kwani hukupiga kura? Si rais alichaguliwa?" Ndiyo, alichaguliwa. Swali ni nini kinatokea baada ya kuchaguliwa.

Rudi nyuma mpaka 1978. Mzee Kenyatta alifariki hapa hapa Mombasa, tarehe 22 Agosti. Moi akachukua nchi. Ukiwauliza wazee waliokuwa vijana wakati ule, watakwambia watu walimpenda. Desemba mwaka huo aliwaachilia wafungwa wote wa kisiasa waliokuwa kizuizini, akiwemo mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka uliofuata watoto wa shule wakaanza kunywa maziwa ya bure, maziwa ya Nyayo. Nani angesema huyu mtu atakuja kutuletea Nyayo House, lile jengo la Nairobi ambalo watu waliteswa vyumba vya chini?

Ukifuata tarehe utaona hakuruka. Alipanda ngazi, kidato kimoja kimoja. 1982, chama kimoja. 1986, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi, yaani rais akiamka vibaya anaweza kuwafuta. 1988, majaji nao wakaondolewa ulinzi huo huo, na polisi wakapewa uwezo wa kumshika mshukiwa wa kosa la kunyongwa siku 14 kabla ya kumfikisha kortini. Mwaka huo huo ukaja uchaguzi wa mlolongo. Watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, mchana kweupe, foleni ndefu inaonekana na foleni fupi inaonekana, na bado sehemu nyingi mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi. Aliyeandikiwa asilimia 70 kwenye mlolongo alipita moja kwa moja kwenda Bungeni bila kura ya siri.

Sasa tazama mpangilio. Kila badiliko la katiba lilipita Bungeni. Kila badiliko hilo lilichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Kila hatua ilikuja na sababu: usalama, umoja, maendeleo, wachochezi. Na kila hatua, ukiitazama peke yake, ilionekana ndogo. Mtu wa Likoni angesema, "Mkaguzi wa hesabu ananihusu nini mimi? Mimi navuka feri niende kazini." Lakini ndugu yangu, mkaguzi akiogopa, pesa zinaliwa bila kelele. Jaji akiogopa, siku yako ya kushikwa hakuna wa kukusikiliza. Na ukishikwa siku 14 bila kuonekana na hakimu, hizo siku 14 zinatosha kufanya lolote na mwili wako. Vitu hivi vinashikana kama nyuzi za jamvi. Ukichomoa ukindu mmoja huoni kitu. Ukichomoa wa kumi, jamvi halikaliki.

Na hata Moi hakuanza. Njia ilishachimbwa. Nchi ilipopata uhuru 1963 ilikuwa na majimbo, na Pwani ilikuwa na bunge lake la jimbo chini ya Ronald Ngala. Novemba 1964 chama cha KADU, chama cha Ngala, kilijivunja chenyewe kikaingia KANU. Hakukuwa na risasi. Upinzani ulivuka upande wa pili, na Ngala baadaye akapewa uwaziri. Mabunge ya majimbo yakafa. 1966 ikaja sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka. 1969 chama cha KPU cha Jaramogi Odinga kikapigwa marufuku. Kutoka hapo mpaka 1982, 2A ilikuja tu kuandika kile ambacho kilishakuwepo.

Nayataja haya kwa sababu 2024, baada ya vijana kumwaga damu barabarani, tuliona viongozi wa upinzani wakiingia serikalini. Wa kwetu mmoja, Hassan Joho, akawa Waziri wa Madini. Sisemi kupata waziri kutoka Mombasa ni dhambi. Wengine walifurahi, na wana sababu zao. Nasema uliza swali moja: Bungeni, nani amebaki na kazi ya kusema hapana? Siku hapana ikiisha, ndiyo haina thamani tena.

Tuje kwa jambo linalotuuma sisi wenyewe.

Vyama vingi viliporudi, hapa Mombasa watu waliunda Islamic Party of Kenya, IPK. Serikali ilikataa kuisajili. 1992 mji ukawaka kwa maandamano. Sheikh Khalid Balala, aliyekuwa sauti kubwa ya harakati ile, alipotoka nje ya nchi serikali ilikataa kumpa pasi mpya, akakwama Ujerumani mpaka 1997. Mwaka huo huo wa 1997, Agosti, Likoni ikashambuliwa: kituo cha polisi kikavamiwa, bunduki zikachukuliwa, majirani wa bara wakauliwa na kufukuzwa. Watu zaidi ya 100 walikufa na maelfu kwa maelfu wakahama, miezi michache kabla ya uchaguzi. Kumbuka basi, vyama vingi peke yake havikutuponya.

Tukapata katiba mpya 2010. Ibara ya 49 inasema ukishikwa lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Ibara ya 25 inasema kuna haki ambazo haziguswi hata nchi ikiwa katika hatari: usiteswe, usinyimwe kesi ya haki, na jamaa zako wakiomba agizo la mahakama uletwe mbele ya jaji, uletwe. Maneno mazuri. Halafu yakaja yale tunayoyajua. Sheikh Aboud Rogo aliuliwa kwa risasi Agosti 2012, mchana, ndani ya gari na familia yake. Sheikh Ibrahim Ismail, Oktoba 2013. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, na wakakamata vijana kwa wingi. Makaburi aliuliwa tarehe 1 Aprili 2014 akitoka kortini Shanzu. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Na kati ya majina makubwa hayo kulikuwa na vijana wengine wa mitaa yetu walioondoka na watu wasiojulikana, na mama zao hadi leo wanangoja.

Tuseme ukweli wote. Ugaidi ulikuwepo. Westgate ilitokea 2013, Mpeketoni 2014, Garissa 2015 ambapo watu 148 waliuliwa, wengi wao wanafunzi. Serikali yoyote ingelazimika kufanya kitu. Lakini kuna tofauti ya kumkamata mtu, kumshtaki na kumfunga, na kumchukua usiku asionekane tena. Kazi ya kwanza ni ya serikali. Ya pili haina jina kwenye katiba.

Wakati ule sehemu kubwa ya Kenya ilinyamaza. Ilisemwa, "Wale ni magaidi, polisi wanajua kazi yao." Mbinu ikazoeleka: gari lisilo na namba, watu waliofunika nyuso, familia inazunguka kituo hadi kituo na kila kituo kinasema hatuna mtu huyo. Miaka kumi baadaye, Juni 2024, vijana wa kila kabila na dini walipotoka kupinga Mswada wa Fedha, mbinu ile ile ilitoka Pwani na Kaskazini Mashariki ikaenda nchi nzima. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema watu 60 waliuawa katika maandamano yale, na kufikia Desemba 2024 ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji. Safari hii walikuwa watoto wa Kitengela na Embu, wengine kosa lao ni picha za kuchekesha mtandaoni. Nchi ikalia, na ilikuwa haki kulia. Mwisho wa mwaka Rais mwenyewe akaahidi utekaji utakoma. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, akashikwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii tunaijua tangu madrasa. Serikali inayotaka kupita mipaka haianzi na mtu anayependwa. Inaanza na yule ambaye jirani yake hatamtetea. Inajaribu pale, inaona kimya, inaendelea.

Na hapa nawageukia nyinyi, vijana wa Kisauni. Tuna tatizo la watoto wa panga. Watu wamekatwa mikono, wamenyang'anywa simu, mama anaogopa kwenda duka. Ni dhulma, na wanaofanya hivyo washikwe na wafungwe. Lakini siku polisi anapompiga risasi kijana wa miaka 17 kichochoroni, halafu picha yake inazunguka kwenye simu na watu wanaandika "alhamdulillah", tujue tumetia saini kitu. Tumesema polisi anaweza kuwa jaji na mnyongaji kwa dakika moja. Cheti hicho hakina jina la mtu. Kesho kinaweza kutumika kwa anayepinga kuhamishwa kwenye shamba, kwa anayeuliza pesa za barabara ya mtaa wake, kwa wewe uliyetoka msikitini na kanzu. Julai 2025 Rais alisema hadharani kwamba wanaoharibu biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Baadhi ya waliopiga makofi ni sisi, manake maduka yaliibiwa kweli. Lakini katiba haijampa polisi kibali cha kupiga mguu wa mtu kuwa adhabu. Adhabu inatoka kortini.

Kuna wenzetu wanasema tatizo hili ni la viongozi wasiokuwa wetu. Ati tukipata Muislamu mambo yatakuwa sawa. Haya, tuvuke Lunga Lunga. Rais Samia alipochukua Tanzania Machi 2021 alifungua milango iliyofungwa na Magufuli, na Januari 2023 aliruhusu tena mikutano ya siasa. Wengi wetu tulijivuna naye. Aprili 2025 Tundu Lissu akashtakiwa kwa uhaini na CHADEMA ikazuiwa kushiriki uchaguzi. Mgombea wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa. Tarehe 29 Oktoba watu walipopiga kura, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakapigwa risasi. Kisha akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Wenye jamaa Tanga na Dar wanajua siku zile tulivyopiga simu haziingii.

Au nenda Tunisia, nchi ya Waislamu karibu wote. Kais Saied alikuwa mwalimu wa sheria ya katiba chuo kikuu. 2019 alichaguliwa kihalali kwa zaidi ya asilimia 70. Watu walichoka na wabunge wanaogombana, wakamtaka mtu msafi. Julai 2021 alifunga Bunge, na usiku ule watu wakatoka barabarani kusherehekea. 2022 akalivunja baraza la mahakama na kuandika katiba mpya. Leo wapinzani wake wengi wako jela, akiwemo mzee Rached Ghannouchi aliyekuwa Spika. Uchaguzi wa 2024 alipata zaidi ya asilimia 90, lakini waliojitokeza kupiga kura hawakufika theluthi moja ya waliosajiliwa. Mjuzi wa katiba ndiye aliyejua wapi pa kukata.

Dini ya kiongozi si dhamana. Sayyidna Abubakar, alipopewa uongozi, aliwaambia watu wamsaidie akifanya vizuri na wamnyooshe akikosea. Huyo ni Swiddiq. Sasa huyu anayekuja Ramadhani na gunia la unga na tende, picha zikapigwa, yeye ni nani hata asinyooshwe?

Je, Kenya imeshakuwa udikteta? Hapana, na tusitie chumvi. Naandika haya na wewe unayasoma. Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa kwa sababu ya watu. Mahakama ziliizuia BBI mara tatu, ya mwisho ikiwa Mahakama ya Juu Machi 2022. 2014 serikali ilipopitisha sheria kali za usalama, Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane. 2015 akaunti za Haki Africa na MUHURI zilipofungwa kwa kuhusishwa na ugaidi, Mahakama Kuu hapa Mombasa ilisema hapana mwaka huo huo. Milango bado iko. Lakini sikiliza jinsi inavyosukumwa: tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, zaidi ya miaka miwili. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, mpaka korti ikasimamisha. Oktoba 2025 Rais akatia saini mabadiliko ya sheria ya makosa ya mitandao, na ndani ya wiki moja korti ikasimamisha sehemu zake. Na 2024 kuna seneta alileta mswada wa kuongeza muhula wa rais kutoka miaka 5 hadi 7. Watu walipiga kelele, ukafa. Ule ulikuwa ukindu mmoja. Tuliuona kwa sababu tulikuwa tunatazama.

Basi kijana wa Mtongwe, wa Mishomoroni, wa Chaani, ufanye nini?

Moja. Jisajili kura, na kama ulijisajili mahali pengine, hamisha. Kitambulisho kikichelewa, fuatilia, usikate tamaa. Wanaosema kura haina maana, waulize mbona basi inanunuliwa.

Mbili. Jua saa 24. Mwenzako akishikwa, andika saa, mahali, namba ya gari kama iko, jina la kituo. Itisheni wakili, nendeni kituoni wengi, kwa amani. Saa za kwanza ndizo zinazookoa mtu.

Tatu. Mombasa ina wabunge sita wa maeneo: Mvita, Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu. Uliza wako alipigaje kura kwenye Mswada wa Fedha 2024, na muulize mbele ya watu, akija harusini au mazishini. Mikutano ya kutoa maoni kuhusu miswada ni haki yako kikatiba. Ukumbi ukiwa na watu kumi waliolipiwa nauli, hao kumi ndio "wananchi wa Mombasa" kwenye ripoti.

Nne, na hii ndiyo ngumu. Tetea haki ya mtu usiyempenda. Jambazi, mlevi, mtu wa kabila lingine, mpinzani wa chama chako, hata yule aliyenyamaza sisi tulipochukuliwa. Kumtetea afikishwe kortini hakumaanishi umesema hana kosa. Unalinda mlango ambao siku moja utapita wewe.

Machi 2024 Senegal walitufundisha. Rais Macky Sall alitaka kuahirisha uchaguzi. Baraza la Katiba likakataa, vijana wakasimama, na Bassirou Diomaye Faye aliyetoka jela siku kama kumi tu kabla ya kura akachaguliwa rais. Nchi ile ilikuwa tayari inateleza, ikashikwa mkono kabla haijaanguka.

Sisi bado tuna muda kidogo kabla ya Agosti 2027. Tuanze na mtaa wetu, maskani yetu, wiki hii. Usiseme "siasa si yangu". Waliochukuliwa Majengo na Kisauni wengi hawakuwa wanasiasa.

Wabillahi tawfiq.